Meili za siku mbili zimeyeyuka baada ya /home kurudi hewani

SWALI: Kaka habari. Ofisini tuna Postfix (inayopokea meili) na procmail (filta inayozipanga), home za watu, yaani folda zao binafsi chini ya /home, ziko seva nyingine tunazimaunti (tunaziunganisha) kwa NFS, njia ya kutumia diski ya seva nyingine kupitia mtandao, na Maildir zao, folda za kuwekea meili, zimo humo humo. Wiki iliyopita ile seva ilizima siku mbili, filta zikagoma. Fundi mmoja akatutengenezea folda tupu za kila mtu kwenye /home, akapiga chmod 777 (ruhusa ya kila mtu kuandika), meili zikaanza kuingia. NFS imerudi lakini meili za zile siku mbili hazionekani kabisa. Filta niziseti vipi?

JIBU: Hazijapotea, ziko chini ya maunti. Procmail ilikuta folda za huyo fundi ikajua ndo nyumbani, haikuona .procmailrc (faili la sheria za filta) ya mtu yeyote, na kama seti yenu ya jumla inaelekeza kwenye Maildir ya home, ikamwaga kila kitu kwenye Maildir mpya juu ya diski ya seva yenyewe, halafu NFS ilivyorudi ikazifunika. Piga mount --bind / /mnt/chini (inakuonyesha diski ya seva yenyewe bila NFS juu yake), ingia /mnt/chini/home utazikuta zimelala humo. Nakili kwenye Maildir za kweli, kisha zile folda feki zifute, na kabla ya enter angalia mara mbili uko /mnt/chini/home na sio /home!

Hii mkdir (kutengeneza folda) na chmod 777 naiona kila mwezi na inanichosha kweli. 777 yenyewe haisaidii filta hata chembe, procmail ikikuta .procmailrc kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuandika inaikataa, inaandika kwenye logi suspicious rcfile basi.

Ulichotakiwa kufanya ni kuweka require_home_directory = yes kwenye main.cf, faili la seti za Postfix, kwa kawaida iko no. Hapo home isipopatikana Postfix inaiacha meili kwenye foleni inajaribu tena baadae, na foleni inavumilia siku 5 usipogusa kitu. Lakini folda feki zikiwepo hiyo chek inadanganyika, inaona home ipo inapitisha, ndo maana nasema zifute kwanza.

Dawa ya kudumu ni kutoa filta na meili kwenye home, manyuali ya Postfix yenyewe imeandika kwa herufi kubwa kwamba kuleta home kwenye seva ya meili haishauriwi. Weka Dovecot (programu ya kutunza meili za watu) ipokee kutoka Postfix kwa LMTP, njia ya kukabidhiana meili, filta ziwe Sieve, lugha ya sheria za filta ya Dovecot, kila kitu kikae mfano /var/vmail. Ukitumia userdb ya passwd (Dovecot kuchukua taarifa za watu kwenye akaunti za seva) kumbuka inarudisha home ya zamani, ibadilishe hapo hapo la sivyo unarudi kule kule.

Tatizo watu wakiona foleni imejaa wanapaniki wanadhani seva imekufa, wanatafuta mtu wa kuifanya iende tu, iende wapi hawaulizi. Meili iliyo kwenye foleni unaiona kwa postqueue -p, unajua iko wapi na inasubiri nini. Huyo fundi akirudi ukamwona anaanza kuandika postsuper -d ALL (inafuta foleni yote), mnyang'anye kibodi.