Mteja Akiandika "Bei Gani?"

Juma lililopita mdogo wangu mmoja katika fani hii, ambaye amefungua chumba cha ushauri nasaha kule Mbagala, aliniandikia, baada ya shikamoo, akilalamika kwamba watu humtumia ujumbe, huuliza bei, kisha hupotea. Alitaka nimtajie programu ya kompyuta ya kupangia wateja, kwa kuwa amesikia kwamba kliniki yangu ya Sinza imeachana na tatizo hilo. Nilifurahi kusifiwa, sikatai, maana mwenzangu niliyeanza naye kazi alijitoa akisema mbele za watu kwamba naendesha kliniki kama duka la Mangi, na kauli ile inaniuma hadi leo kwa sababu wakati ule ilikuwa kweli.

Mapokezi yangu yalikuwa simu yangu mwenyewe. Ujumbe wa watu waliotaka msaada uliingia katika namba ileile iliyobeba kundi la ukoo, michango ya harusi na kikoba, nami nilijibu nilipopata upenyo baina ya vikao. Usiku mmoja wa Alhamisi mwanaume mmoja aliandika maneno mawili tu: "Bei gani?" Hakusalimia. Nikajisemea kwamba huyu ni wale wanaozunguka Kariakoo nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu, nikamjibu kesho yake mchana kwa kumtumia orodha ya ada, bila hata neno la karibu. Hakuandika tena.

Alikuja baada ya miezi minne, akiwa ameongozana na mkewe, na nilipoona namba yake kwenye fomu niliitambua. (Habari hii naisimulia kwa ridhaa yake, na yale ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha.) Katika kikao cha tatu alinieleza mwenyewe kwamba usiku ule aliegesha gari kando ya barabara pale Mwenge, akakaa humo karibu saa nzima akiandika habari za usingizi uliomkimbia tangu afiwe na mdogo wake, akazifuta, akaziandika tena, akazifuta, na mwisho akabakiwa na swali pekee ambalo mwanaume wa mji huu anaweza kuliuliza popote bila kuona aibu. Orodha yangu ya ada ilipomfikia alihesabu kwamba amekwisha kujibiwa. Nimesomea kusikiliza, na maneno mawili yalinishinda.

Tangu hapo kliniki ina namba yake, ina mhudumu wa mapokezi, na hakuna ujumbe unaolala bila jibu. Jibu la kwanza lina salamu, jina la anayejibu, ada kamili bila kuzungushana, nafasi mbili za miadi ambazo mtu anaweza kuchagua mojawapo, na swali moja la mwisho: "Kuna jambo ungependa tulijue kabla hatujakupangia siku?" Wapo wenzetu wanaofundisha kwamba ada ifichwe mpaka mteja afike ofisini. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mtu aliyepanda daladala mbili kuja kuambiwa kiasi asichokuwa nacho hatakuja tena kwako wala kwa mwingine.

Kosa la pili lilikuwa la mhudumu wangu, ingawa lawama ni yangu kwa kuwa sikumwelekeza. Dada mmoja alikuwa ametupigia kwa simu ambayo huitumia yeye na mumewe. Mhudumu alipompigia kuthibitisha miadi, mume ndiye aliyepokea, akaambiwa waziwazi kwamba ni kliniki ya ushauri nasaha inamtafuta mkewe. Yule dada hatukumwona tena, na sijui alilipia nini nyumbani kwa uzembe wetu. Sasa swali la kwanza baada ya jina ni hili: namba hii hupokelewa na nani mwingine, na tukipiga tujitambulishe vipi? Wengine hutuambia tuseme ni fundi cherehani, nasi hatulazimiki kudanganya, hivyo tunakubaliana kwamba tutataja jina la mhudumu tu na kuacha ujumbe wa kupigiwa. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na taarifa hizo huanza pale mtu anapotupigia, hata kabla hajalipa senti.

Mhudumu wa mapokezi si daktari, na simruhusu amwambie mtu yeyote kwamba ana sonona. Hata hivyo amefundishwa kuutambua ujumbe usioweza kungoja. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, ambalo tunalitumia katika kikao cha kwanza, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita na jumla ya alama kuanzia 0 hadi 27, na swali la tisa linahusu mawazo ya kuona heri kufa au kujidhuru. Mtu akiyataja mawazo hayo, iwe kwenye fomu au kwenye simu ya kwanza, hawekwi katika orodha ya kungoja, hata kama alama zake nyingine ni chache: mlango wangu unagongwa hata nikiwa kikaoni, na ikibidi ndugu wanamsindikiza hospitali, iwe Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili. Anayehitaji dawa naye tunampa rufaa mapema, kwa kuwa sisi wanasihi hatuandiki dawa.

Kuhusu wanaokosa miadi sina mengi. Masika yakifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, asiyefika hana kosa. Mpigie, mpangie siku nyingine.

Ndugu zangu mnaoweka mtandaoni picha za ujumbe wa wateja, mkifuta jina na kuacha maneno yao yaonekane ili tujue mna kazi nyingi, acheni. Mwandishi wa ule ujumbe huutambua, na dada yake aliyeketi karibu naye kwenye kochi huutambua vilevile. Mtu wa namna ya yule wa Mwenge akiyaona hayo ataona bora abaki ndani ya gari lake.

Programu sikumtajia. Nilimwambia anunue kaunta buku, achore safu za tarehe, namba, jina analotaka kuitwa, njia salama ya kumpata, saa aliyojibiwa na siku aliyopangiwa, kisha alifungie kwenye droo yenye ufunguo na ufunguo akae nao yeye. Jioni alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza, safu zimechorwa kwa rula, hauna jina hata moja. Akaniuliza yule aliyeandika "bei gani" tangu Jumatatu amwingize mstari wa ngapi, nami nikamwambia kalamu ingoje, amjibu kwanza.