Usilifungue hilo daftari la elfu tatu

Dada, kama risiti bado unayo, rudisha hilo daftari dukani. Unasema mistari yako imekakamaa, kwa hiyo utachora kila siku kwa siku thelathini, umenunua daftari la shilingi 3,000, na kila jioni utaweka mchoro Instagram. Unauliza utumie kalamu gani, ufuate orodha ya maneno au la, na upigeje picha michoro yako. Mimi nilifanya hivyo hivyo Oktoba 2021. Nilitoka mwezi ule na mkono mgumu kuliko nilioingia nao.

Nilifuata Inktober, michoro 31 ya wino, mmoja kila siku ya Oktoba. Changamoto yenyewe haina ubaya. Jake Parker wa Marekani aliianzisha mwaka 2009 ili anoe mkono wake wa wino, na asiyeweza kila siku ameruhusiwa kuchora siku moja na kuruka moja, au hata mara moja kwa wiki. Aliyenipoteza ni mwalimu mmoja wa darasa la Jumamosi. Alisema kila ukurasa uwe wa kutundikwa ukutani, kisha akaniuzia daftari la karatasi ya gramu 300. Hiyo ni karatasi nene ya rangi ya maji! Mtu amekuja kulegezwa mkono, wewe unamwuzia karatasi anayoogopa hata kuigusa? Mpaka leo inaniuma.

Siku ya kwanza nilichora gari la matatu la Rongai. Penseli kwanza, rula, halafu wino juu yake, hadi nati za gurudumu. Saa nne nzima. Watu wakaipenda sana, na hapo ndipo nilipofungwa, maana mchoro wa pili haungeweza kuwa chini ya ule. Wiki ikiisha nalala saa nane usiku. Nilikuwa na kazi ya kuchora ukuta wa shule ya chekechea, shilingi 18,000. Niliichelewesha mara mbili, mwenye shule akatafuta fundi mwingine. Kodi ya mwezi huo nilikopa kwa dada yangu. Siku ya kumi na tisa vidole vilikataa kukunjika, nikaacha. Michoro kumi na tisa, yote imekazwa kama ngozi ya ngoma, na hakuna hata mmoja unaopumua.

Januari nilirudi na rimu ya karatasi za kunakilia, biro, na saa ya simu. Nikaenda Marikiti, soko la mboga la Nairobi. Mtu wa mkokoteni hakusubiri umalize kiwiko chake! Unaona mgongo ulivyoinama, unauvuta mstari mmoja kutoka shingoni hadi mguu uliobeba uzito, bega lako ndilo linaloendesha kalamu, si kifundo cha mkono. Gunia linafuata. Uso ukipata nukta mbili, umebahatika. Hakuna penseli, hakuna raba. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo huionei huruma hata moja.

DAKIKA TANO. Saa ikilia, kalamu chini, hata kama mtu hana kichwa. Ukijiongezea dakika, utaanza kurembesha, na kurembesha ndiko kunakokukaza. Ukijua kuna watu wanasubiri kuuona mchoro usiku, utajiongezea tu, nakuapia. Kwa hiyo usionyeshe mtu yeyote hadi siku ya thelathini ipite. Mimi wiki mbili za kwanza nilichora vitu vya ajabu, na katikati ya wiki ya tatu mstari ukaanza kwenda wenyewe. Nilikuwa nimesimama karibu na viazi, nikatetemeka.

Kalamu, biro yoyote.

Kesho mchana shuka bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, wahubiri wakianza. Wale hawatulii: mkono uko juu, mguu unapiga chini, Biblia inapepea. Chora kumi. Ukimaliza niandikie ilivyokwenda, lakini picha usiniwekee.