Mwanangu, usiku wako umempa nani?

Assalaam aleikum mwanangu. Mi mzima, mdogo wako mzima, ana mafua tu. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa nachoma vitumbua nikaona hii haisikilizwi huku mafuta yanachemka. Umeniuliza, mama, hizi picha sita nilizochora za maisha ya mtandaoni zimenichosha kuliko kazi yoyote, hivi huu ni uchovu au akili ndo inaniharibika, na je niache mtandao? Nakujibu kwa kuandika maana kwenye simu utanikatiza.

Picha nimeziangalia kwenye simu ya mdogo wako, yangu kioo kimepasuka. Ile ya msichana kalala ndani ya chandarua na vile vimioyo vyekundu vinapanda kwenye neti kama siafu, hiyo imenishika. Ya yule mwenye kichwa cha betri sijaipenda sana, ile mtu yeyote angechora, unisamehe. Ila kuna kitu sijui kama ulikusudia, picha zote sita zina dirisha na madirisha yote sita meusi. Hakuna hata moja uliyochora mchana.

Hapo nikakumbuka Idd ulipokuja. Si unajua mi naamka saa tisa kukoroga unga, nikaona mwanga wa kibuluu chini ya pazia la chumbani kwako nikachungulia. Tableti mapajani, mkononi ile glavu yenu wachoraji ya vidole viwili (siku ya kwanza nilidhani umeungua), kalamu yake imeanguka mkekani na wewe wala huchori, kidole gumba tu kinasukuma juu, kinasukuma juu, macho hayapepesi. Nikapiga hodi. Hukusikia. Nikapiga tena. Ya tatu nikaondoka zangu kama mgeni.

Sasa ngoja nikupe habari ya kanga. Wewe ulikuwa bado unanyonya, kuna jirani hapa Ngamiani tuligombana kwa mambo ya upatu, akanivalia kanga ya kijembe arusini, maneno yake hata sitaki kuyataja, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake nikaenda madukani, nikachagua saa nzima, nikarudi na doti ya MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Nikapita nayo mlangoni kwake mara mbili, sokoni mara moja, yakaisha. Na ile kanga ilikuwa na nguvu kwa sababu ilisema kweli, usiku walikuwa wanalala! Msutaji na yeye ana watoto wa kulisha, ana miguu inamuuma, taa ikizimwa na mdomo unapumzika. Hao wa kwako hawalali mwanangu. Saa nane za usiku hapa kwetu, New York ni jioni ya jana yake, ndo kwanza watu wametoka kazini wanafungua simu, wakilala hao wanaamka wengine. Mtu kusemwa na mtaa mmoja anahimili, sote tumesemwa. Kusemwa na dunia kwa zamu nani ataweza.

Kwa hiyo akili yako haijaharibika, umekosa usiku, mi ndo ninavyoona. Na usijilaumu ati huna msimamo. We mwenyewe ulinisimulia habari za yule Aza Raskin aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usioisha, unateremka weee hufiki chini, baadae akaja kujuta hadharani. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Hata taarabu, enzi za Black Star na Lucky Star hapa Tanga, ilikuwa na wimbo wa mwisho, watu wanatafuta viatu vyao wanarudi makwao.

Ila na wewe una lako. Umechora mateso ya kuhesabu laiki, picha nzuri kabisa, ukaiposti, halafu ukanipigia unalia kwamba saa nzima imepata laiki arobaini. Nilicheka, wallahi nilicheka baada ya kukata simu. Tangu 2021 Instagram wanamruhusu mtu kufichaficha hiyo hesabu, mdogo wako kanionyesha pa kubonyeza, dakika haifiki, sa mbona wewe hujabonyeza?

Sikuambii uache. Kodi ya Sinza inalipwa na hao hao wa mtandaoni, na yule mteja aliyetumia picha yako bila kulipa wala kutaja jina, si hao hao waliopiga kelele nawe mpaka akaitoa? Ninachotaka ufunge duka. Mi vitumbua vikiisha saa tatu asubuhi naingiza meza ndani, akija mtu namwambia kesho, na kesho anakuja na kanuna lakini kaja. Ukishasali isha tableti iingie kabatini, simu ilale jikoni kwenye chaji, na usiniambie ndo alamu yako, nunua saa ya mezani.

Na hilo la wiki tatu hulali na moyo unakwenda mbio, hilo si la mama peke yake. Uko Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, nenda. Shangazi yako ameshaanza kusema umechezewa, anataka kukuletea kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani. Kombe ukitaka kunywa, kunywa, na Muhimbili uende.

Ile ya chandarua nimempa mdogo wako akaichapishe stationari, nimeitundika juu ya friji. Wino wao ulikuwa unaishia, lile dirisha limetoka kijivu. Nimeiacha hivohivo.

Mama yako.