Trabajaba au trabajé?

Ndugu, uliuliza lini utumie trabajaba na lini trabajé, namna mbili za wakati uliopita za kitenzi cha Kihispania trabajar (kufanya kazi). Kupata trabajaba, ondoa -ar, kisha bandika -aba: yo (mimi) trabajaba, tú (wewe) trabajabas, él (yeye) trabajaba, nosotros (sisi) trabajábamos (alama juu ya á usiisahau), vosotros (ninyi) trabajabais, ellos (wao) trabajaban. Yo na él zinafanana, basi mtaje mtendaji pakiwa na utata.

Matumizi ndiyo husumbua. Trabajaba ni mazoea ya zamani, au jambo lililokuwa likiendelea. “Trabajaba en Madrid cuando conocí a Ana”: nilikuwa nafanya kazi Madrid nilipofahamiana na Ana. Lakini ukihesabu muda uliokwisha, sema “trabajé tres años en Madrid”. Hapo trabajaba haifai.

Vitenzi vya -er na -ir huchukua -ía: comía (kutoka comer, kula), vivía (kutoka vivir, kuishi). Vikaidi, yaani visivyofuata kanuni hii, ni vitatu tu: ser (kuwa), ir (kwenda) na ver (kuona).