Doti ya kanga na kitambaa cha doti doti, ni neno moja?

Dada mmoja wa Morogoro kauliza hivi: fundi kamwambia alete "doti mbili za kitenge" za sare ya harusi, yeye akabeba vipande viwili, fundi akasema nguo haitoshi. Sasa anataka kujua doti ni vipande vingapi, na kama neno lenyewe ndo lile lile la kitambaa cha doti doti.

Dada, fundi yuko sahihi. Doti ni vipande viwili, kwahiyo doti mbili ni vipande vinne. Angalia kanga mpya inavyotoka dukani, zile mbili zinakuwa zimeshikana bado, kila moja na pindo lake, mji wake (ile sehemu ya katikati) na jina (yale maandishi) lile lile, muuzaji au wewe mwenyewe unatia mkasi katikati ndo zinakuwa mbili, alafu unampelekea fundi akunge. Zikiwa pamoja ni doti, ukibaki na moja ni upande wa kanga, na ndo maana mama akisema "nimempa mkwe upande" watu wanaelewa nyingine kabaki nayo.

Kuhusu doti doti, hapana, ni maneno mawili tofauti yamekutana sauti tu. La nukta limetoka Kiingereza na ni la juzi juzi. Doti ya kanga ni ya zamani sana, asili yake ni dhoti ya Kihindi, ile nguo ndefu wanaume wa India wanayojifunga kiunoni, ikaja pwani kwetu na biashara ya vitambaa na ikageuka kipimo. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inabeba majora ya merikani na kaniki kama sisi tunavyobeba hela, na hesabu yake ilikuwa hivi: shuka moja ni mikono minne, yaani yadi mbili, na shuka mbili ni doti, yadi nne. Unaona ile "mbili" ilikuwepo tangu huko! Mtemi akidai hongo ya kupita kwenye nchi yake alilipwa kwa doti (na hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa wazi kabisa, sio hii ya kupenyezewa mkononi). Merikani nayo ni kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichokuwa kinaletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, jina la nchi likabaki kwenye nguo.

Shuka ndo imehama zaidi, leo ni ya kitandani au ya Mmasai, hakuna anayepimia tena. Doti imebaki na kazi yake na mi nafurahi sana ikitumika vizuri, maana siku hizi nasikia watu wanasema "pea ya kanga" wakati neno lipo na kila bibi analijua. Pea na jozi ziache kwenye viatu na soksi. Kenya huko Mombasa utasikia leso badala ya kanga, hilo limetoka kwa Wareno, na sio kosa.

Kwenye sarufi, doti iko ngeli ya i-/zi-: doti hii imechuja, doti mbili zimeisha. "Madoti" waachie wale wa nukta, gauni la madoti meupe.

Ila kwenye kitenge kuwa makini, vipande ni viwili kwa doti lakini urefu wa kipande unabadilika duka na duka, na gauni la mshono mpana linakula kitambaa. Muulize fundi anataka yadi ngapi kabla muuzaji hajatia mkasi, akishachana harudishi.