Bosi mwenye haya: uendelee au uache?

Ndugu yangu, nimekuelewa: ulitaka kucheka, badala yake sehemu nne za kwanza za Introverted Boss, ile tamthilia ya Korea, zimekuzungusha kwenye kifo cha dada wa Chae Ro-woon, mhusika mkuu wa kike. Hata mimi niliiacha hapohapo, nikairudia baadaye. Watazamaji wa Korea nao walilalamika mwaka 2017, hadithi ikafanyiwa marekebisho kuanzia sehemu ya 5. Kwa hiyo vumilia mpaka ya 7. Zote ni 16 tu. Yeon Woo-jin, anayeigiza bosi huyo mwenye haya, akijificha ndani ya kofia ya koti lake, mbavu huna. (Bosi wangu yuko hivyohivyo, ila sura ile hana.)

Tahadhari: dada huyo alijiua. Kama una msiba wa aina hiyo, achana nayo, na usingizi ukikupaa muone mshauri nasaha.

Ukitaka vichekesho zaidi, anza na Marriage, Not Dating ya 2014. Mwongozaji ni yuleyule.