Usiisome EF peke yako kama moyo unapiga ovyo ovyo

Tangu mama yangu aambiwe mapigo yake hayana mpangilio, ndugu wakipewa majibu ya eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, wananirushia WhatsApp: "Dada, hii EF 48 imekaaje?" Mimi si daktari, nimezoea tu mabenchi ya kliniki ya moyo pale Upanga. Jibu langu huwa swali: ni ya mapigo mangapi?

Mashine nyingi za eko siku hizi zina programu inayozichora kuta za moyo yenyewe na kupiga hesabu. EF ni asilimia ya damu inayosukumwa kutoka chumba cha chini kushoto katika pigo moja. Moyo ukipiga sawasawa, pigo lolote linafaa. Kwa mama, pigo moja linawahi kabla chumba hakijajaa, damu inatoka kiduchu. Linalofuata linachelewa, inatoka tele. Kompyuta ikidaka lile la kwanza, mnalia nyumba nzima. Ikidaka la pili, mnashangilia bure. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu unataka wastani wa mapigo yasiyopungua 5.

Basi uliza kabla jeli haijafutwa. Nilipouliza, mpimaji mmoja alicheka, akasogeza kifaa chini ya titi la mama, akaanza upya kuhesabu mapigo kwa sauti. Na beba karatasi za zamani, hata ile iliyolowa mvua kwenye daladala. Angalia pia moyo ulikuwa unakimbia kiasi gani siku ile. Ukiwa 130 kwa dakika, EF yake usiilinganishe na ya siku umetulizwa na dawa.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachotumia nyaya, nayo huchapa jibu la mashine juu ya karatasi. Mgonjwa akitetemeka au waya ukilegea, fujo inayoonekana huenda isiwe ya moyo. Daktari asome mistari yenyewe.

Kinachonikera ni mtu kuona EF nzuri, akaacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu huganda zaidi kwenye kijifuko cha chumba cha juu kushoto, ambacho eko ya kifuani mara nyingi haikioni vizuri. Dawa hiyo huamuliwa kwa umri, presha, kisukari, kiharusi cha nyuma na hali ya valvu, yaani milango ya moyo. Valvu ya mitrali, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto, ikiwa imebana sana, wengi hubaki kwenye wafarini, moja ya dawa hizo, na kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, hata EF ikisoma 65. Huo mstari wa valvu ndio ninaoutafuta kwanza mkinitumia picha, kwa hiyo msiukate.